Kutoka Mbezi hadi Lushoto: Soko la dirishani na afya ya mzazi

Barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda mikoa ya Kaskazini ni soko refu. Linaanzia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis, linapita Kibaha, Mlandizi na Chalinze, linakata kulia kuelekea Segera, linapita Korogwe na kufika Mombo, ambako anayekwenda Lushoto huiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na karibu kila mahali basi linapopunguza mwendo kuna mtu amenyanyua beseni, ndoo au katoni hadi usawa wa dirisha.

Kwa mtu anayeandika habari za afya, ni vigumu kupata mahali pazuri kuliko hapa pa kutazama tunachokula. Nyumbani tunakula tulichopika. Safarini tunakula kilicho karibu, kisichomwagika na kisichochafua nguo. Na kilicho karibu kinazidi kubadilika. Nilipokwenda Lushoto hivi karibuni niliweka daftari mapajani, nikawa naandika kila chakula kilichopita mbele yangu.

Soda ya bure

Pale stendi, kabla basi halijaondoka, wachuuzi hupanda mmoja baada ya mwingine. Niliandika: maji, soda, juisi za boksi, biskuti, krispi, keki ndogo za kwenye nailoni, pipi, karanga, korosho. Ukiondoa maji, karanga na korosho, vilivyobaki vyote vimetoka kiwandani vikiwa tayari kwa kuliwa.

Tulipoipita Kibaha, mhudumu wa basi alipita na kikapu. Kila abiria alipewa soda moja na pakiti ya biskuti. Mabasi yetu mengi ya masafa marefu yana ukarimu huu, na abiria huupenda.

Jirani yangu wa siti, mama wa watoto watatu, alipokea vyake, akavitazama, kisha akavitia ndani ya mkoba bila kuvifungua. Nilimuuliza kama hana kiu.

“Mimi nimekatazwa, mdogo wangu,” alisema. “Presha imepanda na sukari iko mpakani. Hivi namwekea mwanangu wa mwisho, anavipenda sana.”

Ana miaka 42. Dawa za presha ameanza kuzitumia mwaka jana. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya nauli. Sikuwa na la kumjibu pale pale, kwa sababu alichofanya ndicho wazazi wengi tunachofanya: tunachokatazwa na daktari tunakihamishia kwa mtoto, kwa mapenzi kabisa.

Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula kwa siku, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Chupa moja ya bure, kabla ya Chalinze, imeshapita kiwango hicho.

Chalinze: mabeseni manne

Chalinze ndipo barabara inapogawanyika, moja ikienda Morogoro na nyingine Segera. Basi likisimama tu, madirisha hufunikwa na mikono. Kuna mananasi, mengi yakitokea upande wa Kiwangwa, yakiwa yamemenywa na kukatwa vipande. Kuna mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kikaratasi, mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu. Katikati ya hayo yote kuna katoni za biskuti, krispi na soda baridi.

Mabeseni haya yanatosha kueleza jambo ambalo wataalamu wa lishe wamekuwa wakilijadili kwa zaidi ya miaka 15. Mwaka 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazil alipendekeza tuache kupanga vyakula kwa kuangalia wanga, mafuta na protini peke yake, tuangalie pia kilichofanyiwa chakula kabla hakijatufikia. Mpangilio huo unaitwa NOVA, na una makundi manne.

Kundi la kwanza ni vyakula vya asili au vilivyoguswa kidogo tu: nanasi, yai, hindi, maharage, mchele, samaki, maziwa. La pili ni viungo vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari. La tatu ni vyakula vya kundi la kwanza vilivyotiwa vitu vya kundi la pili ili vidumu au vikolee, kama karanga zilizotiwa chumvi, samaki wa kopo au mkate wa kawaida wa unga, maji, chumvi na hamira.

Kundi la nne ndilo linaloitwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Hapa kiwanda hakichukui hindi na kulihifadhi. Kinalivunjavunja kupata wanga, sharubati ya sukari na mafuta, kisha kinaviunga upya pamoja na rangi, ladha za kutengenezwa, vitamu bandia na vitu vya kuvifanya viwe laini au vikae muda mrefu. Soda, biskuti nyingi, krispi zenye ladha ya nyama isiyokuwamo, soseji, tambi za dakika mbili na unga wa juisi wa kwenye sacheti vimo humo.

Namna rahisi ya kuvitambua ni kugeuza pakiti. Viambato hupangwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta sukari ni ya kwanza au ya pili, na chini yake orodha ndefu ya majina ambayo hakuna jiko la nyumbani lenye vitu hivyo, umeshapata jibu. Nanasi la Chalinze halina orodha.

Wanaokufa kabla ya wakati

Kati ya Segera na Korogwe wauzaji hupungua, mashamba ya mkonge yanaanza, na abiria wengi husinzia. Nilitumia muda huo kupitia tena tafiti nilizokuwa nazo kwenye simu, kwa sababu swali la mama yule lilikuwa zaidi ya soda. Je, vyakula hivi vinafupisha maisha ya watu wazima?

Nchini Hispania watafiti waliwafuatilia watu 19,899 waliosoma chuo kikuu. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2019, yalionyesha kuwa waliokula zaidi ya milo minne ya vyakula hivi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 62 ya wale waliokula chini ya miwili. Mwaka huo huo Ufaransa ilitoa utafiti wa watu 44,551 wenye miaka 45 na kuendelea: kila sehemu ya vyakula hivi ilipoongezeka kwa asilimia 10 ya mlo wa mtu, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 14.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti mkubwa zaidi kutoka Marekani, wa wahudumu wa afya zaidi ya 110,000 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30. Hapa tofauti ilikuwa ndogo. Waliokula vyakula hivi kwa wingi zaidi, wastani wa mara saba kwa siku, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia nne ukilinganisha na waliokula mara tatu. Asilimia nne maana yake ni hii: kama katika kundi moja wangekufa watu 100, katika kundi jingine lenye idadi ile ile wangekufa 104.

Mtu anaweza kusema wanne si wengi. Lakini chakula si ugonjwa unaompata mmoja kati ya maelfu. Kila mtu anakula, kila siku, kwa hiyo tofauti ndogo ikienea kwa taifa zima inakuwa makaburi mengi. Mwaka 2025 watafiti walikusanya takwimu za nchi nane na kukadiria vifo vya mapema vinavyoweza kuhusishwa na vyakula hivi. Colombia, ambako bado vinaliwa kwa kiasi kidogo, ilikuwa kama asilimia nne ya vifo hivyo. Marekani na Uingereza, ambako ni zaidi ya nusu ya nguvu watu wanayoipata kwenye chakula, ilikaribia asilimia 14.

Ni haki kusema pia kwamba tafiti za kufuatilia watu hazithibitishi peke yake kuwa jambo moja limesababisha jingine. Anayekula biskuti nyingi huenda pia havuti hewa safi, hafanyi mazoezi au ana kipato kidogo. Watafiti hujaribu kuyaondoa hayo kwenye hesabu, lakini hayaondoki yote.

Ndiyo maana jaribio la Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani, la mwaka 2019, linatajwa sana. Watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya asili, na kila mara waliambiwa wale wanachotaka. Mezani vyakula hivyo vilifanana kwa sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi. Hata hivyo, wakati wa vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakanenepa karibu kilo moja. Wakati wa vyakula vya asili walipungua karibu kiasi hicho hicho.

Maelezo mojawapo ni kasi. Chakula laini kisichohitaji kutafunwa huteremka haraka, na tumbo linachelewa kuuambia ubongo kuwa limejaa. Mtu yeyote aliyekula hindi la kuchoma anajua: meno huchoka kabla hujatamani la pili. Pakiti ya krispi huisha basi likiwa bado halijatoka kituoni.

Mombo: dakika ishirini za chakula

Pale Mombo basi lilisimama ili watu wachimbe dawa na kula. Kwenye hoteli za kando ya barabara foleni ndefu ni ya chipsi: chipsi kuku, chipsi mayai, chipsi na soseji. Upande wa pili, ambako foleni ni fupi, kuna wali maharage na mchicha, ugali na samaki.

Hapa wazazi wengi huchanganya mambo. Chipsi mayai si chakula kilichosindikwa kupita kiasi. Ni viazi, mayai, mafuta na chumvi, na unamwona anayepika. Kasoro yake ni mafuta mengi, hasa yakiwa yamechomewa tangu asubuhi, na chumvi. Ni mlo wa mara moja moja, si wa kila siku. Lakini soseji iliyowekwa juu yake, na ile tomato nyekundu ya kwenye chupa ambayo mara nyingi ina sukari, wanga na rangi kuliko nyanya, hizo ndizo za kundi la nne.

Tofauti hii ina maana kwa mfuko wako. Ule utafiti wa Marekani wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa si vyakula vyote vya kundi hili vyenye uzito sawa. Uhusiano na vifo ulikuwa mkubwa zaidi kwa nyama zilizosindikwa tayari kwa kuliwa, na vinywaji vyenye sukari au vitamu bandia vilikuwa miongoni mwa vilivyoonyesha uhusiano pia. Mzazi asiyeweza kubadili kila kitu kwa mara moja ana pa kuanzia: soseji na soda.

Vivyo hivyo mandazi, chapati na vitumbua vya asubuhi havimo kwenye kundi la nne vikipikwa kwa unga, maji, sukari kidogo na mafuta. Anayeacha kitumbua cha mama wa mtaani na kununua keki ya kwenye nailoni kwa kudhani ni bora kwa sababu ina nembo, amebadilisha kwa hasara.

Lushoto: kabichi zinashuka, katoni zinapanda

Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona, ikipita Soni, na hewa hubadilika. Lushoto ni moja ya majiko makubwa ya Dar es Salaam, ingawa wengi wanaokula huko mjini hawajui. Sokoni kuna karoti, kabichi, hoho, nyanya kwenye matenga, viazi, na matunda ya baridi kama mapeasi, plamsi na matufaha. Jioni Fuso hupakiwa mboga kwa ajili ya masoko ya mjini.

Nilisimama pembeni ya Fuso moja iliyokuwa ikipakia. Hatua chache kutoka hapo, mbele ya duka la jumla, vijana walikuwa wakishusha katoni kutoka gari jingine: biskuti, soda, tambi za dakika mbili, unga wa juisi, majarini. Kabichi zilikuwa zinashuka mlimani. Katoni zilikuwa zimepanda.

Nilimuuliza mama mmoja muuza mapeasi, mtu mzima wa kunizaa, kama wajukuu zake huyala. Alicheka.

“Wanayaona kila siku, mwanangu, watayataka ya nini? Wanataka hela ya dukani.”

Hapo ndipo nilipoiona hatari yetu vizuri zaidi kuliko kwenye tafiti. Nchi kama Marekani na Uingereza zilishafika mbali, na sasa zinajaribu kurudi. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, ili mzazi azione kwa mbali. Sisi bado tuko katikati ya barabara. Familia nyingi bado zinapika. Maharage, makande, dagaa na mchicha bado ni chakula cha kawaida, na mara nyingi ni nafuu kuliko vya pakiti ukihesabu wanaoshiba. Hatujapoteza chakula chetu. Tunachopoteza taratibu ni heshima yake: tumeanza kukiona ni cha shida, na cha pakiti ni cha mapenzi.

Dalili zipo. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya zinaonyesha kuwa wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, na kufikia mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Zipo sababu nyingi, ikiwamo kutembea kidogo na mafuta mengi jikoni. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu.

WHO inasema mwaka 2021 watu milioni 18 duniani walikufa kwa magonjwa yasiyoambukiza kabla ya kutimiza miaka 70, na asilimia 82 ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa lugha ya nyumbani, hao ni baba na mama ambao bado wanalipa ada, na bibi ambao bado wanalea.

Kabla ya safari ijayo

Hakuna anayekufa kwa soda moja ya kwenye basi, na hakuna haja ya kumnyima mtoto keki ya siku yake ya kuzaliwa. Kinachohesabika ni kile kinachoingia nyumbani kila siku bila kufikiriwa. Haya yanawezekana katika nyumba nyingi:

Kwanza, rudisha masurufu. Bibi zetu hawakusafiri mikono mitupu. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga na chupa ya maji vinatosha kwa safari ya siku nzima. Usipopata muda wa kuandaa, barabara yenyewe inakuuzia: nanasi Chalinze, machungwa ya Muheza Segera na Korogwe. Nawa mikono, na chagua tunda linalomenywa mbele yako.

Pili, usiifanye soda na biskuti kuwa zawadi ya kila unaporudi nyumbani. Mtoto hujifunza kuwa mapenzi yana ladha gani. Chungwa, karanga au bungo likitoka kwenye mkoba wa mama nalo ni zawadi, ilimradi mama mwenyewe alitoe kwa furaha.

Tatu, geuza pakiti kabla hujalipa. Ikiwa mtoto anajua kusoma, mpe kazi hiyo yeye. Atafurahia kuwa mkaguzi.

Nne, anza na soseji na soda. Kama zilikuwa za kila siku, zifanye za Jumapili; kama zilikuwa za Jumapili, zifanye za sikukuu.

Tano, pima presha na sukari hata kama hujisikii vibaya, hasa ukishavuka miaka 40. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, na aliyepewa dawa asiache kuzitumia kwa sababu amebadili chakula.

Mama niliyekaa naye aliteremka Mombo. Sijui kama ile soda ilifika kwa mtoto wake. Ninachojua ni kwamba tukipita Korogwe alifungua dirisha, akanunua mfuko wa machungwa, akamenya moja na kunigawia nusu. Lilikuwa tamu.